Data Deduplication ya Windows Server kwa akaivu ya imeili: inafaa, ila kagua kwanza data yako imekaaje

Wakuu habari za leo. Naongelea kitu ambacho watu wengi wa IT tunakipita tu kwenye Server Manager bila hata kukigusa, ile Data Deduplication ya Windows Server (inayohifadhi mara moja tu data inayojirudia), na naitazama kwa kazi moja tu, kuhamishia akaivu ya imeili za ofisi kwenye folda ya kushea iliyopo kwenye mtandao wa ndani. Sio VM (mashine pepe), sio mapicha ya watu wa masoko, ni imeili za zamani zile ambazo mhasibu hataki zifutwe kwa sababu sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5, na bosi hataki zifutwe kwa sababu ni bosi. Maksi natoa mapema ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: 7 kwa 10 kama akaivu yako ni PST (faili la Outlook lenye imeili nyingi za mtu) au EML (faili moja kwa kila imeili) mbichi, 2 kwa 10 kama programu yako ya akaivu inazibana imeili na kuzifunga kwa ufunguo kabla hazijafika kwenye diski. Boksi ni lile lile, leseni ni ile ile, kinachobadilika ni data uliyoiingiza.

Kwa ambaye hajakutana nayo, hii kitu ilikuja na Windows Server 2012, inawashwa kama rolo (kipengele cha kuongeza) kwenye seva, hulipii zaidi kama tayari una Standard au Datacenter. Faili linaandikwa zima kama kawaida, alafu baadaye kazi ya nyuma inapita inalikata vipande vya kati ya KB 32 na KB 128, kila kipande kinapigwa hashi (alama yake ya utambulisho inayotokana na yaliyomo), kipande ambacho kilishaonekana popote kwenye hiyo diski hakihifadhiwi mara ya pili, kinawekwa kiashiria tu cha kuonyesha kile cha kwanza kipo wapi. Vipande vyenyewe vinakaa ndani ya System Volume Information. Mtumiaji anafungua faili lake kama jana, hajui lolote. Atakachoshangaa ni akibonyeza Properties akakuta Size on disk inasoma 0, na hapo utapigiwa simu kwamba imeili zimepotea, kwahiyo waambie watu mapema.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, kwanini kwa imeili mambo yanakuwa tofauti na mafaili mengine. Chukua tangazo la HR lenye PDF ya MB 10 lililotumwa kwa watu 40. Kwenye imeili ile PDF haiendi kama ilivyo, inageuzwa maandishi ya base64, inavimba theluthi moja na kidogo, unapata kama MB 13.7. Kila mmoja wa wale 40 ana nakala yake, na kila nakala juu yake ina vichwa vya habari vyake, mpokeaji tofauti, mistari ya Received tofauti, urefu wa vichwa tofauti. Maana yake ni kwamba PDF ni ile ile herufi kwa herufi ila kwenye kila faili inaanzia sehemu tofauti, huyu inaanzia baiti ya 2,900, yule inaanzia baiti ya 3,417. Mfumo unaokata vipande kwa kuhesabu baiti tu, kila KB 128 kata, utaona mafaili 40 yasiyofanana hata kidogo. Mfumo wa Windows unakata kwa kufuata yaliyomo, kama fundi anayekata kitenge kwa kufuata maua badala ya kufuata tepu, kwahiyo hata mwanzo ukisogea, baada ya kipande cha kwanza au cha pili mikato inarudi kuangukia sehemu zile zile na vinavyofuata vyote vinafanana. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu.

Na kuna bonasi ambayo watu hawaisemi, vipande vinabanwa pia kabla ya kuhifadhiwa, kwahiyo unaweza kuokoa nafasi kidogo hata kama hakuna nakala rudufu yoyote.

Mtu ataniuliza kwanini usichukue TrueNAS, mfumo wa storeji wa bure unaotumia ZFS, na ZFS ina dedupu (ndio hiyo deduplication) tangu 2009. Naipenda sana ZFS, nyumbani natumia, lakini kwa kazi hii hapana. ZFS inakata kwa ukubwa uliopangwa, kwa kawaida KB 128, bila kujali ndani kuna nini, na mfano wa HR hapo juu ndio unaoimaliza. Alafu lile jedwali lake la dedupu linataka RAM, hesabu ya siku zote ni kama baiti 320 kwa kila bloku, TB 1 yenye bloku za KB 128 ni bloku milioni 8 na ushee, hiyo ni karibu GB 2.7 za RAM, na imeili ndogo ndogo za KB 5 kila moja inakuwa bloku yake peke yake, jedwali linafura bila faida yoyote. OpenZFS 2.3 iliyotoka Januari 2025 imeleta dedupu mpya ya haraka ambayo imepunguza sana tatizo la RAM na kasi, safi, ila bado mkato ni ule ule wa kuhesabu. Mwenye ZFS awashe compression abaki hapo hapo, atapata sehemu nzuri tu bila presha.

Upande wa juu kuna Data Domain, maboksi maalum ya storeji yenye dedupu, ya ile kampuni ya akina Kai Li ambayo EMC waliinunua 2009 kwa kama dola bilioni 2.1 baada ya kugombania na NetApp, sasa iko kwa Dell. Hiyo inakata kwa kufuata yaliyomo, vipande vyake ni vidogo zaidi, na inafanya kazi yote wakati data inaingia, sio baadaye. Kwa imeili kiufundi ni bora kuliko hii ninayoisifia, sibishi. Lakini ofisi ya watu mia moja kununua Data Domain kwa ajili ya imeili za 2014 ni matumizi ambayo mkaguzi wa ndani atayazungushia kalamu nyekundu.

Nirudi kwenye Windows, na hapa ndio pabaya pake. Faili lenye chini ya KB 32 haliguswi kabisa. Kabisa. Kwa hesabu ya idadi, imeili nyingi za ofisi ni "Noted with thanks" na "Kindly see below", KB 6, KB 10, hizo zote zinaachwa kama zilivyo. Kama akaivu yako ni Maildir iliyotolewa kwenye seva ya Linux, faili moja kwa kila imeili, utakuwa na mamilioni ya vifaili ambavyo mfumo unavipita tu, tena kila kimoja kinashika angalau klasta nzima ya NTFS (kipimo kidogo kabisa cha nafasi kwenye diski ya Windows). Uzito mkubwa wa akaivu upo kwenye atachimenti kwahiyo faida ipo bado, ila usitegemee miujiza. Dawa yake ni kuzikusanya zile ndogo za mwaka au mwezi mmoja kwenye mbox moja (faili moja lenye imeili nyingi) kabla ya kuhamisha, mbox inakuwa kubwa, mfumo unaiona. Ila zikusanye bila kuzip tafadhali, nitaeleza kwanini.

Kuhusu PST, hapa sikilizeni vizuri kwa sababu wengi wanadhani PST za watu kumi waliopokea atachimenti ile ile zitafanana. Hazifanani. PST ndani yake imepangwa kwa vibloku vidogo visivyozidi KB 8, na kila kibloku mwishoni kina mkia wa baiti 16 wenye namba yake ya utambulisho, na namba hiyo kwenye PST ya Asha sio ile ya kwenye PST ya Juma hata kama waraka ni mmoja. Kipande kidogo kabisa cha Windows ni KB 32, kwahiyo ndani ya kila kipande kuna mikia kadhaa, na mikia ikitofautiana basi kipande chote kinahesabika kipya. Kwa hiyo kati ya mtu na mtu faida ni ndogo mno.

Ila sasa, tuwe wakweli kuhusu ofisi zetu. PST ya Asha haipo moja. Ipo kwenye laptop yake, ipo kwenye laptop ya zamani aliyorudisha, ipo kwenye flashi ya IT, ipo kwenye folda inaitwa "Backup Outlook Asha", ndani yake kuna "Backup Outlook Asha NEW", ndani yake kuna "USIFUTE". Nakala zote hizi ni PST ile ile katika miezi tofauti, na hapo dedupu inakula kama haina akili nzuri, kwa sababu faili lilelile likiongezeka mwishoni na kubadilika kidogo katikati, sehemu kubwa inabaki vile vile. Folda letu la PST lilishuka chini ya nusu na sababu sio teknolojia ya ajabu, sababu ni tabia ya watu kunakili nakala ya nakala. Kuhusu ule ufichaji wa kawaida wa PST ambao Outlook inaweka yenyewe, usiwe na hofu, ule unabadilisha tu kila baiti kuwa baiti nyingine kwa jedwali moja la kudumu, data zinazofanana zinabaki kufanana.

Sasa wale wa maksi 2. Programu nyingi za akaivu zina akili zake zenyewe, zinatoa nakala rudufu za atachimenti zenyewe, alafu zinabana, alafu zinafunga kwa ufunguo. Data iliyofungwa vizuri kwa ufunguo inaonekana kama mchanga tu, hakuna kipande kinachofanana na kingine, na huwezi kuibana tena. Iliyobanwa bila kufungwa nayo ni tabu, ukizip imeili nzima pamoja na vichwa vyake, herufi moja ikibadilika mwanzoni basi kila kinachofuata kinatoka tofauti, ndio maana nimesema msizip. Kuna programu zinakuruhusu kuiambia kwamba diski ndio itakayobana na kutoa rudufu, Enterprise Vault wana kisehemu cha hivyo kwenye mipangilio ya partition, ukiweka hapo zinaacha data mbichi. Lakini inahusu data mpya, zile za zamani ukizikopi tu zinaenda na ubanwaji wao. Na kama programu inatoa rudufu yenyewe vizuri basi iache, kufanya kazi hiyo mara mbili ni kuchosha CPU bure.

Hapa niseme na la muuzaji mmoja wa hapa mjini, simtaji, aliyekuja na slaidi za data kupungua "mara 20" akitaka tununue storeji yake kubwa. Nikamuuliza mara 20 ya data gani, akasema data yoyote. Hakuna kitu kama hicho jamani. Hizo namba kubwa hutoka kwenye bakapu, unapohifadhi bakapu kamili kila wiki ya kitu kile kile, natural kabisa wiki ya 20 itafanana na ya 19. Akaivu ya imeili ni nakala moja inayokaa. Hata Microsoft wenyewe kwenye maelezo yao wanasema asilimia 30 mpaka 50 kwa nyaraka za watumiaji, 80 mpaka 95 ni kwa maktaba za VM huko. Muuzaji akikataa kupima kwenye data yako mwambie asante kwa soda.

Na kupima ni bure, hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye bidhaa hii. Ukiweka ile rolo unapata kifaili kinaitwa ddpeval ndani ya System32, hicho unaweza kukikopi kwenye mashine nyingine ya Windows na kukielekeza kwenye folda hata ya mtandao, kinasoma kila kitu kinakwambia ungeokoa asilimia ngapi, hakibadilishi chochote. Kiendeshe kwenye PST peke yake, EML peke yake, akaivu ya programu peke yake, usichanganye, ukichanganya utapata wastani ambao haukwambii kitu.

Kwenye kuhamisha kwenyewe, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba data inatua nzima alafu ndio inapungua. Kama una TB 10 za akaivu na boksi jipya lina TB 8 ukiamini dedupu itaokoa nusu, hautafika, diski itajaa katikati ya usiku. Unahamisha kwa mafungu, fungu likitua unaendesha Start-DedupJob ya Optimization, unasubiri, unaangalia Get-DedupStatus nafasi iliyorudi, ndio unaleta fungu linalofuata. Na kwa kawaida mfumo unasubiri faili lifikishe siku 3 kabla ya kuligusa, kwa akaivu haina maana, weka MinimumFileAgeDays iwe 0 mpaka umalize kuhamisha.

Robocopy, amri ya Windows ya kukopi mafaili, ndio rafiki, ila ina mtego mmoja wa kizamani, bila kuiambia kitu inajaribu tena faili lililogoma mara 1,000,000 na kila jaribio inasubiri sekunde 30. PST moja iliyoachwa wazi kwenye Outlook ya mtu aliyeenda nyumbani inatosha kusimamisha kazi yako mpaka asubuhi. Weka /R:1 /W:1, weka /MT:16 kwa sababu ya mafaili madogo, weka /LOG ili usome nani kagoma. Kwenye mtandao wa gigabiti ukiwa na bahati TB 1 ya PST kubwa kubwa inapita kama saa 2 na nusu, TB 1 ya EML ndogo ndogo usiniulize, lala uamke. Na hizo PST zikishafika kule ni za kuhifadhi, sio watu wazifungue kwenye Outlook kupitia mtandao kila siku, Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi hayo na zinaharibika kirahisi, anayehitaji ya kwake akopi kwanza.

Kuhusu mashine haihitaji ya ajabu. Kiwango cha chini ni MB 300 za RAM kujumlisha MB 50 kwa kila TB ya data, ukiwa na TB 10 ni MB 800, nani leo ana seva isiyo na hiyo, ila mpe zaidi kazi iende haraka. Toleo lina maana kuliko RAM. 2012 R2 ilikuwa inashughulikia diski kwa uzi mmoja tu, polepole, na msaada wake uliisha Oktoba 2023, 2016 ndio walibadilisha ikaanza kutumia kori zote na kuhimili diski hadi TB 64, lakini nayo msaada unaisha Januari 2027. Chukua 2019 kwenda juu usirudi nyuma.

Hatari yake sasa. Ukitoa rudufu maana yake kipande kimoja kinabeba mafaili mengi, kikiharibika kimoja yanaumwa yote. Wameliwaza hili, kipande kinachotumika zaidi ya mara 100 kinawekewa nakala ya ziada, na kila wiki kuna kazi ya Scrubbing inayopita kukagua na kurekebisha, lakini bado hiyo sio bakapu, umeme wetu mnaujua, UPS iwepo na nakala nyingine iwe jengo lingine. Bakapu inayosoma faili kwa faili itazirudisha data kwenye ukubwa wake wa asili, ukiokoa nusu kwenye diski kule kwenye tepu au kwenye wingu utalipia yote, kwahiyo tumia bakapu inayochukua volumu nzima kama ilivyo. Ukifuta imeili nafasi hairudi papo hapo pia, inasubiri kazi ya GarbageCollection ya usiku wa kuamkia Jumamosi, hii imewachanganya wengi wanaofuta GB mia tano alafu wanakaa kuangalia diski haisogei. Na wale wa kufuta kwa ajili ya sheria ya taarifa binafsi, ya 2022 kwa huku Tanzania au ya 2019 kwa ndugu zetu Kenya, mjue kwamba mpaka hiyo kazi ipite, vipande vya ile imeili bado vipo kwenye diski.

La mwisho ni kwa wale wenye tabia ya kuchomoa diski. Seva ikifa ukaitoa hiyo diski ukaichomeka kwenye laptop ya Windows 11 ya kawaida, majina ya mafaili utayaona yote, tarehe utaziona, hata ukubwa utauona, ila hayafunguki, kwa sababu Windows za mezani hazina hiyo rolo. Inabidi upate Windows Server nyingine, ya toleo lile lile au jipya zaidi, uweke rolo, ndio isome. Kwahiyo ISO ya seva na ufunguo wa leseni viweke sehemu ambayo sio ndani ya hiyo seva, na kama kuna mdau ameshajaribu kusoma diski ya namna hii kwa ntfs-3g kwenye Linux, ile yenye programu jalizi ya dedupu, anipe uzoefu wake hapa maana mimi bado sijaigusa.